Baada ya S4: A-level, chuo cha ufundi au karakana?

Matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne (S4) hapa Uganda, yakitoka, kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza S4 huingia kikaoni. Baba anataka S5. Mama anauliza karo itatoka wapi. Mjomba amesikia habari za chuo cha ufundi, na mtoto mwenyewe amekaa kimya pembeni kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Baada ya siku chache uamuzi umeshapita, na kuulipia kunachukua miaka. Naziandikia familia zetu zinazozungumza Kiswahili, za Bombo, Arua, Jinja, Busia na kwingineko, kwa sababu kikao hicho kinastahili kufanywa vizuri kuliko tunavyokifanya.

Njia kubwa ni tatu. Kuna A-level ya miaka miwili, kisha chuo kikuu. Kuna cheti cha taifa katika chuo cha ufundi, nacho ni cha miaka miwili baada ya S4. Na kuna kuingia moja kwa moja karakanani chini ya fundi. Kwa kawaida tunazilinganisha kwa heshima: ipi itamfanya mtoto aitwe msomi. Mimi naomba tuzilinganishe kwa swali jingine. Pesa ikikatika katikati ya njia, mtoto atabaki na nini mkononi?

Sisemi hivyo kwa kumkatisha mtu tamaa. Wengi wetu tunalipa karo muhula kwa muhula, kutoka dukani, kwenye shamba la kahawa, kwenye boda, kwenye mshahara wa askari au kwenye pesa anazotuma dada aliye Uarabuni. Mtu mmoja akiugua, au bei ya kahawa ikianguka, muhula unaruka. Kwa familia kama hizo, njia inayompa mtoto karatasi inayotambulika kila baada ya muda mfupi ina thamani ambayo siku ya kuanza haionekani.

## A-level na chuo kikuu

S5 na S6 mwanafunzi anasoma masomo makuu matatu, General Paper, na hisabati ndogo au kompyuta. Ili aingie kusomea shahada anahitaji ufaulu wa masomo makuu yasiyopungua mawili, aliyoyafanya katika mtihani mmoja. Shahada yenyewe ni miaka mitatu kwa kozi nyingi, minne kwa uhandisi na sheria, mitano kwa udaktari.

Sasa ipime njia hii kwa swali letu. Akikwama S5, amebaki na cheti cha UCE alichokuwa nacho tangu mwanzo. Akimaliza S6, ana UACE, cheti cha A-level, na hiyo si kitu kidogo: hata mwenye ufaulu wa somo kuu moja na mawili ya ngazi ndogo anaweza kusomea diploma. Lakini akikwama mwaka wa pili wa chuo kikuu, ana orodha ya alama za mihula aliyomaliza, na waajiri wachache sana watamwita kwa karatasi hiyo. Kwa hiyo kuna vipande viwili virefu ambavyo ndani yake mtoto hana kitu kipya cha kumwonyesha mwajiri, na kile cha pili ndicho ghali zaidi.

Kuhusu gharama, naomba mzazi aisome barua ya udahili hadi mstari wa mwisho. Wengi huangalia ada ya masomo tu. Chini yake kuna ada za uendeshaji: usajili, mitihani, maktaba, kitambulisho, chama cha wanafunzi. Halafu kuna yale ambayo barua haiyataji kabisa, kama hosteli ya Kikoni kwa anayesoma Makerere au ya Banda kwa anayesoma Kyambogo, chakula, nakala za kuchapisha, na nauli ya miezi ya mafunzo kazini ambayo mara nyingi hayana malipo. Chukua karatasi moja, andika mihula yote hadi wa mwisho, ujumlishe. Mkiona jumla hiyo mkanyamaza wote, jibu mmeshalipata.

Msaada upo, ila una mipaka yake. Serikali hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma, wengi kwa alama za juu kitaifa na wengine kwa nafasi za wilaya. Hizo za wilaya zinasaidia watoto wa Yumbe na Kaabong wasishindane moja kwa moja na watoto wa shule kubwa za Wakiso, kwa hiyo usizidharau. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, ilianza kukopesha mwaka 2014. Mkopo hulipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na za utafiti. Chakula na malazi ni juu yako. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kozi za sayansi ndizo zilizopewa uzito zaidi.

Uzito huo wa sayansi unaonekana hata kwenye mishahara. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye diploma milioni 3. Walimu wa masomo ya sanaa walibaki nyuma sana, wakagoma mwaka huohuo. Pengo hilo naliona ni dhuluma kwa mwalimu wa historia anayeamka saa ileile na kufundisha darasa lileile. Hata hivyo, anayechagua mchepuo leo lazima ajue kwamba pengo lipo. Lakini usimsukume mtoto kwenye fizikia, kemia na hisabati kwa ajili ya milioni 4 ikiwa hisabati ya S4 ilimtoa jasho. Mchepuo uliofeliwa haumpeleki popote, ilhali aliyefaulu vizuri jiografia na uchumi bado ana milango kadhaa mbele yake.

Ziko kazi ambazo kwa kijana mwenye alama nzuri njia yake iliyonyooka ni hii. Udaktari ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo hospitalini. Uwakili ni miaka minne, kisha kozi ya LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, ndipo mtu asimame mahakamani. Mtoto mwenye alama za A na B katika masomo ya sayansi, na ambaye karo yake ina chanzo cha uhakika hadi mwisho, aende S5 bila kusitasita. Ninaposema uhakika, ni udhamini ulioandikwa, akiba, au kiwanja ambacho familia imekubaliana kwa kauli moja kukiuza. “Mungu atafungua njia” ni dua njema, nami naiitikia amina, lakini kwenye ile karatasi ya hesabu haiwekwi.

## Chuo cha ufundi

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi. Tumezoea kukiona chuo cha ufundi kama mahali pa waliofeli. Makerere yenyewe, ambayo tunaiona kilele cha usomi, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, wakija asubuhi na kurudi nyumbani jioni, na walichosoma ni useremala, ujenzi na umakanika.

Mtoto mwenye UCE anaingia cheti cha taifa kwa miaka miwili: umeme, ujenzi, mabomba, magari, uchomeleaji, hoteli, ushonaji. Akimaliza anaweza kuendelea na diploma ya miaka miwili mingine, na mwenye diploma hupokelewa kwenye shahada, Kyambogo na vyuo vingine. Baadhi ya kozi humwanzisha moja kwa moja mwaka wa pili. Piga hesabu. Mhandisi aliyepita A-level anafika kwenye shahada miaka sita baada ya S4. Aliyepita ufundi anafika baada ya miaka saba au minane. Tofauti ni mwaka mmoja au miwili, lakini huyu wa pili njiani amepata vyeti viwili, na kila likizo ameweza kuvuta nyaya kwenye nyumba za watu na kulipwa. Familia ikiyumba baada ya mwaka wa pili, haianguki naye. Anafanya kazi, anaweka akiba, anarudi. Na kwa aliyechelewa kabisa, vyuo vikuu hufanya mtihani wa kuingia kwa watu wazima wenye miaka 25 na zaidi.

Uuguzi na ukunga navyo vina ngazi kama hiyo. Cheti huanzia S4, kwa aliyefaulu Kiingereza, hisabati na masomo matatu ya sayansi, na huchukua miaka miwili na nusu. Msichana mwenye akili ambaye karo ya udaktari haionekani kokote, anaweza kuanzia hapo na kupanda hadi shahada akiwa tayari analipwa mshahara. Wapo wazazi wanaoona kufanya hivyo ni kumshusha mtoto. Mimi sioni hivyo.

Lakini vyuo vya ufundi havilingani. Vipo vyenye jina kubwa na la haki: Nakawa, ambacho Wajapani wamekisaidia kwa miaka mingi, Lugogo, Jinja, na vyuo vya ufundi vya taifa vya Elgon, Lira, Bushenyi, Kichwamba na Kyema. Anayependa kilimo, Bukalasa ipo kwenye barabara ya Gulu, si mbali na Bombo. Vipo pia vyuo ambavyo karakana yake ni picha kwenye kipeperushi. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote nenda na mtoto, siku ya kazi, saa nne asubuhi, muombe kuiona karakana. Tazama sakafu. Karakana ya uchomeleaji inayofanya kazi ina vipande vya fimbo za kuchomelea vilivyokwisha, unga mweusi wa chuma kwenye pembe, harufu ya moshi, na meza yenye makovu. Ukikuta mashine zimefunikwa turubai na vumbi limelala juu yake, mwanao atajifunza kuchomelea ubaoni. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili umuulize mara ngapi kwa wiki anaishika mashine mwenyewe, na wako wangapi kwa mashine moja. Muulize pia mafunzo ya kazini aliyafanyia wapi, na ni nani aliyemtafutia nafasi hiyo.

Kuhusu fani ya kuchagua, nitasema wazi ninachokiona. Saluni, ushonaji na upishi ni kazi halali zinazolisha nyumba, lakini tumewajaza humo mabinti zetu wote kana kwamba hakuna nyingine. Umeme wa jua, friji na viyoyozi, mabomba, na ufundi wa simu na kompyuta vina nafasi, na mikono ya msichana inavifanya vyema kabisa. Binti akisema, “Mama, mimi nataka umeme,” jibu la kwanza lisiwe “Nani atakuoa?” Mpeleke akaione karakana, kisha msikilize.

Mafuta ya Hoima ni habari kubwa, na vijana wengi wanayataja. Bomba la kwenda Chongoleani, karibu na Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kazi za namna hiyo zinahitaji wachomeleaji wenye vyeti vya kimataifa, madereva wa mitambo, mafundi umeme na watu wa usalama kazini. Chuo cha mafuta cha Kigumba kipo kwa ajili hiyo, na Mamlaka ya Petroli ina daftari la taifa la wenye ujuzi ambamo mtu hujiandikisha kwa mtandao. Jiandikishe. Ila kumbuka kazi nyingi za bomba ni za wakati wa ujenzi. Likishafukiwa, wanaobaki kuliendesha ni wachache. Somea fani inayouzika hata nje ya mafuta. Cheti kizuri cha uchomeleaji kinauzika Hoima, kinauzika kwenye viwanda vya Namanve, na kinauzika Dar es Salaam.

## Karakana na gereji

Hii ndiyo njia ya haraka na ya bei nafuu, na ndiyo inayowapokea wengi, hasa wale ambao hata UCE hawakufika. Soko la Kisekka, Kampala, limetoa mafundi wa injini ambao wahandisi huenda kuwauliza. Katwe inatengeneza mashine za kukoboa, za matofali na majiko kutoka kwenye chuma chakavu. Kijana anaingia, wiki za mwanzo anafagia na kuleta spana, baadaye anafungua gurudumu, na siku moja anaachiwa injini.

Kwa swali letu: akikatishwa katikati, anabaki na ujuzi lakini hana karatasi. Wakati wa amani hilo halimsumbui, kwa sababu mteja haulizi cheti. Linamsumbua pale kampuni inapotangaza nafasi, au zabuni ya wilaya inapotaka fundi mwenye sifa. DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ilianzisha mfumo kwa ajili ya watu hawa, unaoitwa Worker's PAS. Mtahini anakupa kazi halisi ya fani yako, anakuangalia unavyoshika vifaa, mpangilio wako, usalama wako na kazi iliyotoka, kisha unaandikiwa kile unachokiweza. Haulizi ulisoma hadi darasa la ngapi. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025 imeleta bodi moja, UVTAB, kuchukua kazi ya kutahini iliyokuwa kwa UBTEB, bodi ya zamani ya mitihani ya ufundi, na DIT, kwa hiyo unapouliza sasa anzia huko.

Hatari za karakana ni mbili. Ya kwanza ni fundi asiyefundisha: kijana anamaliza miaka bado anabeba spana, kwa sababu fundi anaogopa kumpa mshindani ujuzi. Ya pili ni ujuzi uliosimama. Gari la leo linasomwa kwa kompyuta kabla ya kufunguliwa, na fundi anayesikiliza injini kwa sikio tu anapungukiwa wateja kila mwaka. Kwa hiyo mzazi asimkabidhi mtoto kwa salamu tu. Kaeni chini, “Mzee, mwanangu huyu utamfundisha nini, kwa muda gani, na akiumia nani anampeleka hospitali?” Yaandikeni, shahidi atie sahihi. Fundi mwema haoni aibu kuandikishana, na anayekataa umemjua mapema.

Kwa asiye na pesa kabisa, vipo vituo vya mafunzo vya mpango wa Rais katika kanda za nchi, vya bure na vya takriban miezi sita. Muda ni mfupi. Ni mwanzo mzuri wa karakana, na haviwezi kuchukua nafasi ya miaka miwili ya chuo.

## Kiswahili chetu

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Walimu wa kukifundisha hawatoshi. Mipakani Busia, Malaba na Mutukula, wakala wa forodha anayeongea vizuri na dereva kutoka Mombasa au Dar anamaliza mzigo mapema, na kipo cheti cha Afrika Mashariki cha kazi hiyo kinachofundishwa katika nchi za jumuiya. Watoto wetu wana lugha hii tangu utotoni, lakini wengi wanaizungumza tu. Barua ya kazi, ripoti ya ukurasa mmoja, tangazo lisilo na makosa: hayo yanahitaji mazoezi. Mtoto anayesubiri matokeo ana miezi kadhaa mitupu. Aitumie kuandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na kujifunza kompyuta. Anayetaka kuwa mwalimu wa Kiswahili ajue mshahara wa serikalini ni wa masomo ya sanaa, si zile milioni 4.

## Kabla hajaomba kazi yoyote

Majina. Hili linaumiza sana familia zetu za Kiislamu, na haliongelewi vya kutosha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhan, kitambulisho cha taifa kinasema Ramathan, cheti cha UCE kinasema Ramazan. Siku ya usaili mwajiri anaona watu watatu. Kurekebisha kunataka viapo, ada na safari za NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na jina lililo kwenye cheti cha UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, ndilo gumu kulibadilisha. Ikiwa una mtoto S3 sasa, linganisha herufi za karatasi zake zote kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa S4.

Apige picha za kazi zake: mlango aliouchomelea, ukuta aliouplasta, kompyuta aliyoitengeneza, kabla na baada. Mafundi wanaolipwa vizuri Kampala wanaonyesha simu kwanza, cheti baadaye. Aliyesoma chuo kikuu naye atafute cha kuonyesha: hesabu alizofunga za duka la jirani, makala, programu ndogo. Shahada peke yake inampa nafasi ya kusimama kwenye foleni pamoja na wenye shahada wengine.

Kuhusu mshahara, kima cha chini kilichopo kisheria Uganda ni cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Sheria haitamtetea kwenye kiwango, kwa hiyo lazima ajue bei ya kazi yake kabla ya kuingia ofisini: awaulize watatu wanaoifanya. Lakini kwenye akiba inamtetea. Mwajiri anatakiwa kumchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 juu ya mshahara, naye anakatwa asilimia 5, na tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Aulize siku ya kwanza, kwa heshima, na aombe mkataba.

Asilipe pesa ili apewe kazi. Si laki mbili ya “fomu”, si “chai” ya mtu wa wilayani, si “kipimo cha afya” kinachotumwa kwa mobile money kwa namba ya mtu binafsi. Nafasi za serikali hutangazwa na tume ya utumishi, ya taifa au ya wilaya, na kuomba ni bure. Anayekwenda Uarabuni apite kwa wakala mwenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mkataba ausome akiwa bado Kampala, si akishafika uwanja wa Entebbe.

Na kwa karo ni vilevile: kabla ya kulipa chuo kikuu, hakikisha kwa NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na muda wa idhini haujaisha. Lipa kwenye akaunti ya chuo, na risiti uitunze hadi siku atakapochukua cheti.